Mliowahi kuajiriwa Kenya na Tanzania, tupeane uzoefu wa sheria za kazi

Msafiri wa Holili: Kijana wa jirani kaachishwa kazi godauni moja upande wa Taveta, nikakumbuka mengi. Nimeajiriwa pande zote mbili. Wenzangu mliovuka mpaka, wapi mfanyakazi ana pa kushika? Naanza: likizo ya mwaka Tanzania siku 28, Kenya 21. Tanzania mbele.

Otis wa Kisumu: Hapo umetuonea. 21 zetu ni siku za kazi, 28 zenu zinameza mpaka Jumapili. Ukifanya Jumatatu hadi Ijumaa, hizo 21 zinakuweka nje wiki nne na siku moja.

Msafiri wa Holili: Godauni gani wanafanya kazi siku tano?

Otis wa Kisumu: Sasa hiyo ni shida ya godauni, si ya sheria.

Mama Pacha: Kwa uzazi msibishane nami. Nilijifungua pacha nikiwa Moshi, nikapewa siku 100 na mshahara wangu wote. Mtoto mmoja ni 84. Mdogo wangu Nairobi alipata miezi mitatu. Lakini baba watoto siku 3! Ya nne karudi kazini, mimi na mishono yangu, hawa wanalia kwa zamu. Shemeji wa Nairobi alikaa nyumbani wiki mbili.

Kidevu: Wiki mbili za kuangalia mpira 😂

Mama Pacha: Aangalie tu, mradi ampakate mmoja.

Mpishi Mstaafu: Mmenitonesha. Mimi hoteli, Arusha. Nimefika zamu ya alfajiri, mlinzi ambaye kila siku namwekea chai kashika karatasi, haniangalii usoni. "Kaka, jina lako limetolewa." Barua hakuna, sababu hakuna. Nampigia meneja, anasema ni makosa ya ofisi, njoo Jumatatu. Jumatatu nakalishwa kwenye kochi, naletewa soda, naambiwa mkubwa kasafiri, njoo Jumatatu ijayo. Heshima tele! Nikawa naenda nimevaa shati la kanisani. Siku nimechoka nikaenda CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, karani akaniuliza tarehe niliyozuiwa getini, akashika kalenda ya ukutani akahesabu kwa kalamu, akaguna. Malalamiko ya kuachishwa yanapelekwa ndani ya siku 30, na zangu zimeshapita. Wale walijua. Zile soda zilikuwa za kuhesabia siku.

Neema T: Zile soda!! Yamenikuta hayo hayo.

Kidevu: Uzi wa likizo umekufa, sasa ni uzi wa soda.

Wakili wa Kijiweni: Pole mkuu. Kuchelewa kunaombewa, kuna fomu namba 2, unaeleza sababu. Na siku 30 ni za kuachishwa tu. Mshahara uliobaki na madai mengine ni siku 60. Ulikuwa umetimiza miezi sita kazini? Chini ya hapo kinga ya kuachishwa isivyo halali haikugusi.

Mpishi Mstaafu: Miaka minne.

Otis wa Kisumu: Kenya ungekuwa na miaka mitatu kwenda mahakama ya ajira.

Fundi Mitambo: Miaka mitatu ya kufungua, ya kumaliza je? Mimi nina kesi huko, nywele zimeota mvi. Na ukishinda, fidia haivuki mishahara ya miezi 12. CMA angalau usuluhishi una siku 30, mnakaa meza moja mnamalizana.

Otis wa Kisumu: Mnamalizana au unamalizwa?

Neema T: Ushauri wangu, usisaini karatasi yoyote hapo ofisini.

Kidevu: Mimi nilisaini, nikachukua changu, nikanunua bodaboda. Kesi hailipi kodi ya nyumba.

Wakili wa Kijiweni: Kidevu usipotoshe watu. Saini yako uliyoweka chini ya "sina madai mengine" ndiyo wanayokuja nayo.

Mama Pacha: Mpishi, kiinua mgongo je? Si siku 7 za mshahara kwa kila mwaka?

Mpishi Mstaafu: Nilipoulizia hiyo, hata soda hawakuleta.