Bunge linapongeza, halisimamii: malalamiko yangu kuhusu bajeti za utamaduni, michezo na utalii

Ndugu zangu, ninaufungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Juni, Bunge hukaa Dodoma kujadili makadirio ya mapato na matumizi ya wizara, nami kila mwaka hufuatilia mafungu mawili kwa karibu kuliko mengine: Fungu 96, la wizara yenye dhamana ya utamaduni, sanaa na michezo, na Fungu 69, la Wizara ya Maliasili na Utalii. Ninachokisikia humo ni pongezi. Mbunge hupewa dakika chache za kuchangia. Huanza kwa kumshukuru Mwenyezi Mungu, akampongeza Rais, Waziri, Naibu Waziri, Katibu Mkuu na watendaji wote wa wizara, akazitaja Simba na Yanga huku wenzake wakipiga meza, akaomba uwanja kwa ajili ya jimbo lake, kisha kengele ikalia naye akaunga mkono hoja. Takwimu alizozisoma Waziri muda mfupi uliotangulia hubaki kama zilivyosomwa, bila mtu kuuliza zimetoka wapi wala zimelinganishwa na nini.

Hiyo siyo kazi tuliyowatuma. Ibara ya 63(2) ya Katiba inasema kwamba Bunge ndilo chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali na vyombo vyake vyote, na ibara ndogo ya tatu inaeleza njia za kufanya hivyo, ikiwemo kumuuliza waziri yeyote swali kuhusu mambo ya umma na kujadili utekelezaji wa kila wizara wakati wa mkutano wa bajeti wa kila mwaka. Kinachojadiliwa ni utekelezaji: mwaka jana mliahidi nini, mlipewa kiasi gani, mmefanya nini. Waziri akiitwa kueleza hayo halafu akaishia kupokea shukrani, Bunge limemwachia akajipime mwenyewe.

Mimi ni mtu wa Kilwa, mkoani Lindi, kwa hiyo nitaanza na Kilwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 UNESCO iliyaweka katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu bahari ilikuwa ikila ufukwe na kuta zilikuwa zikianguka, na ilichukua miaka kumi ya kazi ya ukarabati, kuta za kuzuia mawimbi na upandaji wa mikoko hadi yakaondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Kwa hiyo hatari ya Msikiti Mkuu, kasri la Husuni Kubwa na ngome iitwayo Gereza inajulikana, imeandikwa, na dawa yake inajulikana pia. Bahari haikuacha kupiga ufukwe mwaka 2014. Mbunge anayetaka kusimamia angeuliza kila mwaka: fedha za matengenezo ya kawaida ya magofu hayo ni kiasi gani, zipo katika kasma (kifungu cha matumizi) ipi, zimetoka Hazina kwa asilimia ngapi, na ni mafundi wangapi wa chokaa na matumbawe walioajiriwa kwa kazi hiyo. Maswali haya hayahitaji utafiti mkubwa, yanahitaji mtu mmoja aliyeusoma ukurasa.

Tatizo linaanzia katika mpangilio wenyewe. Mtu wa kawaida atadhani kwamba msikiti wa kale wa Waswahili, michoro ya miambani ya Kondoa au mapango ya Amboni ni mambo ya utamaduni. Hata hivyo, malikale na Makumbusho ya Taifa vipo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, na vituo kadhaa vya malikale vimekabidhiwa taasisi za uhifadhi, hivi kwamba Kilwa leo inasimamiwa na TAWA, ambayo ni mamlaka ya wanyamapori. Sipingi kwamba TAWA imeleta uhai fulani. Meli za watalii zinatia nanga Kilwa na watu wetu wa boti na wapishi wanapata riziki. Ninachopinga ni kwamba kamati inayoshughulikia elimu, utamaduni na michezo haina Kilwa mezani kwake, na kamati inayoshughulikia ardhi, maliasili na utalii inayo mezani pamoja na migogoro yote ya ardhi nchini, tembo wanaovamia mashamba, vitalu vya uwindaji, misitu na nyuki. Katika rundo hilo, ukuta wa karne ya kumi na nne hauwezi kushindana na simba aliyeua ng'ombe. Sheria ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, na Sera ya Utamaduni ni ya mwaka 1997. Nilitarajia kwamba kamati hizi mbili zingekutana angalau kwa suala hili, kwa kuwa hakuna kinachozuia kamati mbili za Bunge moja kuketi pamoja.

Hali ni hiyo hiyo Ngorongoro, na huko gharama yake ni kubwa zaidi kwa sababu inawahusu watu walio hai. Eneo hilo liliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979 kwa sifa za asili, na mwaka 2010 likatambuliwa pia kwa sifa za kiutamaduni. Tangu Juni 2022 familia za wafugaji zimekuwa zikihamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Yeyote na awe na msimamo wake kuhusu uhamishaji huo. Ila Bunge lililotakiwa kuuchunguza lilipaswa kusikia kwa kirefu kuhusu lugha, mila, makaburi na malisho ya watu hao kama lilivyosikia kuhusu idadi ya nyumbu na mapato ya lango.

Sisi wa Lindi tuna jambo jingine linalotuuma, nalo ni mjusi mkubwa wa Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua mifupa ya mijusi ya kale (dinosaria) katika kilima cha Tendaguru, wakaibebesha migongoni na vichwani mwa wazee wetu hadi bandari ya Lindi, na leo mmoja wao amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Hapa lazima nitende haki: wabunge wa kusini wameliuliza swali hili miaka nenda rudi, na ninawaheshimu kwa hilo. Majibu ya Serikali yamekuwa yakizunguka kwenye gharama na utaalamu wa kuihifadhi mifupa hiyo, na faida ya kushirikiana na Wajerumani badala ya kudai. Sawa, basi ushirikiano huo umeleta nini Lindi? Barabara ya kufika Tendaguru ikoje? Kituo cha kumbukumbu kiko wapi? Watoto wa vijiji vya jirani wamefundishwa nini juu ya kilichotoka kwenye ardhi yao? Swali la nyongeza likishajibiwa kwa maneno kwamba mchakato unaendelea, Bunge huhamia wizara inayofuata, na hakuna anayerudi mwaka wa pili na Taarifa Rasmi (Hansard) mkononi kumwambia Waziri kwamba siku fulani ulisema hivi. Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea Novemba 2023 akaomba msamaha kwa unyama uliofanyika wakati wa vita vya Majimaji. Ikiwa mkuu wa nchi ile ameweza kusema hadharani, Bunge letu linashindwaje kuidai Serikali yetu ratiba ya maandishi kuhusu mabaki ya watu wetu na mali zetu zilizoko huko?

Kuhusu utalii, tunaambiwa namba, na namba ni nzuri kweli. Mwaka 2024 watalii wa kimataifa walizidi milioni 2.1 na mapato yalikaribia dola za Marekani bilioni 4. Ninafurahi. Namba hizo, hata hivyo, ndizo zinazopaswa kuwa mwanzo wa mjadala, na bungeni zimekuwa mwisho wake. Ni sehemu gani ya fedha hizo hubaki nchini baada ya kampuni za nje na mawakala kuchukua chao? Mikoa ya kusini inapata kiasi gani ikilinganishwa na kaskazini? Sheria ya Fedha ya mwaka 2020 ilielekeza makusanyo ya taasisi za uhifadhi, zikiwemo TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, yaende Mfuko Mkuu wa Serikali badala ya kubaki kwa wakusanyaji. Huo ulikuwa uamuzi mzito, uliogusa barabara za hifadhini, doria na miradi ya vijiji jirani, nao ulipita ndani ya muswada wa fedha pamoja na mambo mengine mengi.

Sasa michezo, ambako ndiko pongezi hufurika. Mwaka 1980, katika Olimpiki ya Moscow, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walituletea medali mbili za fedha. Hatujapata medali nyingine ya Olimpiki hadi leo. Septemba 2025 Alphonce Simbu alishinda dhahabu ya marathoni katika mashindano ya dunia Tokyo, ya kwanza katika historia yetu, na alistahili kila neno la sifa. Swali la Bunge ni jingine: nchi hii ina viwanja vingapi vyenye njia ya kukimbilia ya kiwango cha kimataifa, na kijana wa Singida au Manyara anafanyia mazoezi wapi? Sera ya Maendeleo ya Michezo ni ya mwaka 1995. Bajeti ya 2021/2022 ilielekeza asilimia 5 ya kodi ya ubashiri wa matokeo ya michezo iende kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Basi Waziri aeleze kila mwaka, kwa jedwali, zimeingia shilingi ngapi na zimepewa chama gani cha mchezo gani. Tangu Februari 2023 Rais amekuwa akitoa fedha kwa kila bao la Simba na Yanga katika mashindano ya CAF, kwa kuanzia shilingi milioni 5 kwa bao. Mimi ni mpenzi wa mpira na sina kinyongo na mchezaji yeyote, lakini mbunge mwenye jukumu la kusimamia fedha anapaswa kuuliza ni kasma ipi inayotumika, na kwa nini netiboli na riadha hazina utaratibu kama huo.

Vipo pia viwanja vya mikoani: Kirumba, Sokoine, Sheikh Amri Abeid, Majimaji, Ali Hassan Mwinyi, Lake Tanganyika. Vilitokana na nguvu za wananchi wote, wanachama na wasio na chama, enzi ambazo chama kilikuwa kimoja, na hadi leo vinamilikiwa na CCM. Wengi wa wabunge wanatoka katika chama hicho hicho kinachomiliki viwanja, kwa hiyo mjadala wa umiliki hauendi mbali. Tunapoelekea AFCON 2027, tutakayoiandaa pamoja na Kenya na Uganda, na uwanja mpya ukijengwa Arusha, ningetaka kusikia nani atauendesha na kuutunza uwanja huo baada ya mashindano, na kwa fedha ipi.

Nimesikia hoja kwamba wabunge wetu huwa wakali, kwamba wapo wanaoshika shilingi ya mshahara wa Waziri, yaani kutoa hoja ya kuupunguza mshahara huo kwa shilingi moja ili kudai maelezo. Ni kweli, wapo. Tatizo ni kwamba shilingi hiyo hurudishwa jioni ile ile, Waziri akishaahidi kukutana na mbunge pembeni. Nyuma yake ipo Ibara ya 90(2), inayompa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali, na kila mbunge anajua gharama ya kurudi kwenye kampeni kabla ya wakati. Zamani, baada ya maoni ya kamati, Kambi Rasmi ya Upinzani ilisoma maoni yake kuhusu kila wizara, na hata aliyeyachukia alilazimika kuyajibu. Baada ya uchaguzi wa 2020 kambi hiyo haikuundwa. Na tusisahau kwamba Januari 2016 aliyetangaza TBC, shirika la utangazaji la taifa, iache kurusha vikao vya Bunge moja kwa moja, kwa hoja ya gharama, alikuwa Waziri mwenye dhamana ya habari, utamaduni, sanaa na michezo. Wizara iliyopaswa kuangaliwa ndiyo iliyozima taa.

Ninayoyadai yanatekelezeka bila kubadilisha Katiba. Kamati mbili zinazogusa utamaduni na utalii ziketi pamoja mara moja kwa mwaka kuhusu malikale, ziende Kilwa, Kondoa na Bagamoyo, na taarifa yao iwekwe mezani kabla ya Fungu 69 kupitishwa. Kila Waziri aanze hotuba yake kwa orodha ya ahadi za mwaka uliotangulia na hali ya kila moja. Kila hoja ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu inayohusu TANAPA, TAWA, Makumbusho au Baraza la Michezo isomwe ndani ya mjadala wa bajeti wa wizara husika, isisubiri kamati ya hesabu miezi kadhaa baadaye. Na Spika awaambie wachangiaji kwamba pongezi zimesikika tayari.

Mbunge wa jimbo langu ninamwandikia barua yenye maswali haya ya Kilwa na Tendaguru, kwa kasma na kwa mwaka, na nitaomba jibu la maandishi. Mwenye swali kuhusu uwanja, makumbusho au kikundi cha sanaa cha kwao aliweke hapa chini, akitaja mahali na ahadi iliyotolewa, ili kila mmoja ampelekee mbunge wake kabla ya mkutano wa bajeti kuanza.