Howard Hawks, aliyepiga «Hatari!» Tanganyika, anatambulika kwa lipi?

Mwalimu wa Uyole

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Mbeya. Jioni za Jumamosi huwa ninakaa na vijana kadhaa wanaotamani kuwa waongozaji wa filamu. Tunatazama filamu moja kwa projekta, kisha tunaijadili. Safari hii tulitazama Hatari! ya mwaka 1962, ambayo Howard Hawks aliipiga kaskazini mwa nchi yetu, upande wa Arusha na Momella, katika miezi iliyotangulia Uhuru. Vijana walivutiwa sana na magari yanayowafukuza faru na twiga, lakini mmoja wao aliuliza swali ambalo sikuweza kulijibu kwa ukamilifu. Alisema kwamba akitazama kazi ya Alfred Hitchcock anauona mkono wa mwongozaji tangu dakika za mwanzo, ilhali kwa Hawks anaona kamera iliyotulia na watu wanaofanya kazi, wanaokunywa, wanaotaniana na kurudi kazini. Orodha ya filamu zake nayo inachanganya, kwa kuwa humo mna majambazi, marubani, wapelelezi, wachunga ng'ombe, vichekesho, hata nyimbo na dansi. Je, mtu wa namna hiyo anahesabiwaje miongoni mwa waongozaji wakubwa wa Hollywood? Na nikitaka vijana wajifunze kwake, nianze na filamu ipi?

Mkazi wa Gangilonga, Iringa

Mwalimu, swali la kijana wako liliwasumbua hata Wamarekani wenyewe kwa muda mrefu. Hawks alizaliwa Goshen, Indiana, mwaka 1896, akasomea uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Cornell, akaendesha magari ya mashindano na kutumikia kikosi cha anga cha jeshi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Filamu yake ya kwanza kama mwongozaji ilitoka mwaka 1926 na ya mwisho mwaka 1970. Katika muda huo wote aliteuliwa mara moja tu kuwania Oscar ya mwongozaji bora, kwa Sergeant York ya mwaka 1941, na tuzo ikaenda kwa John Ford. Waliomtetea kwa sauti kubwa walikuwa vijana wa Ufaransa waliokuwa wakiandika katika jarida la Cahiers du cinéma. Jacques Rivette alichapisha makala ya kumsifu mwaka 1953, wakati ambapo wengi nyumbani kwake walimwona kama fundi hodari wa kuburudisha na basi. Oscar ya heshima alipewa mwaka 1975, miaka miwili tu kabla ya kifo chake.

Mimi naamini mkono wake unaonekana, ila kijana anautafuta kwenye kamera, nao umo kwenye kikundi cha watu. Karibu kila filamu yake ina watu wachache walio mbali na kwao, wanaofanya kazi inayoweza kuwaua, na wanaopimana kwa jambo moja: je, huyu anaiweza kazi? Mgeni akifika hapokelewi kwa maneno, anajaribiwa. Katika Hatari! kuna kijana wa Kifaransa anayekuja kuomba nafasi ya mwenzao aliyejeruhiwa na faru, na kwanza anatoa damu yake ili majeruhi apone. Sasa iweke kando ya Only Angels Have Wings ya mwaka 1939, inayohusu marubani wanaosafirisha barua kupita milimani huko Amerika Kusini. Rubani mmoja anakufa wakati chakula chake kinaandaliwa, na kiongozi wao anakaa mezani na kukila chakula hicho. Mwanamke aliyewasili siku hiyo anashtuka, anadhani watu hawa hawana moyo, na mtazamaji anahitaji muda kutambua kwamba huo ndio uombolezaji wao, kwa sababu kesho yake lazima mwingine arushe ndege. Hawks aliujua msiba wa aina hiyo: mdogo wake, Kenneth, naye mwongozaji, alikufa mwaka 1930 ndege mbili zilipogongana angani alipokuwa akipiga filamu. Sidai kwamba filamu inasimulia msiba huo, lakini siwezi kuitazama bila kuukumbuka.

Kuhusu kamera, kwa kawaida aliiweka usawa wa macho ya mtu aliyesimama na kuiacha, kwa sababu alitaka tuwaone watu wakiwa pamoja ndani ya picha moja. Hata huko Momella, muswada uliendelea kuandikwa kadiri kazi ilivyokwenda, maana hakuna aliyeweza kujua ni mnyama gani angekamatwa siku hiyo, na waigizaji wenyewe, akiwemo John Wayne, walishiriki kuwakamata.

Binti wa Tukuyu

Mwalimu, mimi ni mhariri wa video, na kwangu Hawks ni mwalimu wa sauti kabla ya picha. Ningeanza na His Girl Friday ya mwaka 1940. Iliandikwa kutokana na tamthilia inayohusu waandishi wa habari wawili wanaume. Hawks akaamua mmoja wao awe mwanamke, Hildy, aliyeigizwa na Rosalind Russell, na kwa badiliko hilo ugomvi wa kazini ukawa pia ugomvi wa mtu na mtalaka wake. Watu humo wanazungumza kwa kupandiana sauti. Hawks alieleza ufundi wake: mwanzoni na mwishoni mwa sentensi waliongeza maneno yasiyo na uzito, ili mwingine akidakia, mtazamaji asipoteze maana. Katika filamu zetu nyingi kila mhusika anamsubiri mwenzake amalize, na chumba kinapoa. Mfasiri wa kibanda umiza, awe hodari namna gani, asingeweza kuifuata filamu hii.

Vijana wa kike nao wajue kwamba muswada wa Hatari! uliandikwa na mwanamke, Leigh Brackett. Hawks aliposoma riwaya yake miaka ya 1940 alidhani ni ya mwanamume. Alipogundua ni mwanamke, alimwajiri vilevile, na wakashirikiana tangu The Big Sleep hadi filamu ya mwisho ya Hawks.

Mzee wa Makambako

Nimesoma yote na nakubaliana na mengi, lakini Hatari! isisifiwe bila kusemwa upungufu wake. Hicho kikundi mnachokisifu ni cha wageni watupu. Watanganyika wanashika kamba, wanabeba vizimba, wanamvalisha mpiga picha wa Kiitaliano na kumwita Mama Tembo, lakini hakuna anayeulizwa kama anaiweza kazi, ilhali tunaona kwa macho kwamba anaiweza. Mwongozaji aliyejali ustadi kiasi hicho alikuwa na mastadi mbele ya kamera yake, katika nchi iliyokuwa ikielekea Uhuru, na hakuwapa nafasi mezani. Hilo linaniuma zaidi kwa sababu namheshimu. Vijana wajadili hilo pia.

Mwalimu wa Uyole

Shikamoo, Mzee. Hoja yako nitaiwasilisha kwao kama ulivyoiandika. Dada wa Tukuyu, nitaanza na His Girl Friday. Ndugu wa Gangilonga, je, iko filamu ambayo inaweza kuwapa zoezi la kufanya wenyewe kwa simu zao?

Mkazi wa Gangilonga, Iringa

Marahaba ya Mzee imfikie kwanza. Hoja yake ni ya kweli, nami sikuigusa. Kwa zoezi, tumia mwanzo wa Rio Bravo ya mwaka 1959, filamu aliyoifanya baada ya kukaa miaka minne bila kutoa kazi. Katika dakika zile za kwanza hakuna anayezungumza. Mlevi anaingia baa bila pesa, mtu anamtupia sarafu ndani ya kopo la kutemea mate, naye anainama kuichukua. Askari mkuu analipiga kopo teke kabla mkono haujafika, na mlevi anamgeukia huyo huyo aliyetaka kumwepusha na aibu. Wape vijana mgahawa mmoja wa Mwanjelwa, watu watatu na kitu kimoja cha kugombewa, kisha uwakataze maneno. Wewe utakayetazama usielezwe kabla nani anamdai nani.