Naomba ushauri: vyura na reptilia wakati wa kiangazi, Dodoma

Habarini wakuu. Nipo kwenye tathmini ya athari kwa mazingira, eneo panapotarajiwa kujengwa kiwanda nje kidogo ya Dodoma. Ni kiangazi, udongo wa mbuga umepasuka, vyura wamejifukia hadi mvua za Desemba. Nimefukia ndoo za kunasia wanyama wanaotambaa kando ya uzio wa nailoni, nikazunguka usiku na tochi: mijusi tele, chura hakuna. Ila kwenye ufa wa jabali kuna gamba bapa limejibana. Nahisi ni kobe wa miambani, aliye Kiambatisho cha Kwanza (orodha yenye ulinzi mkali zaidi) cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 2019.

Mteja anataka ripoti sasa. Kuandika "hakuna vyura" nafsi inanisuta.

Je, nishikilie turudie msimu wa mvua, au kuna njia ya kuwapata sasa? Na kobe nimthibitisheje bila kumng'oa?