Mjadala: Ufaransa ilishindwa Algeria, sasa wenyewe kwa wenyewe wanagombania tarehe

Wadau, kila ikifika Machi 19 Wafaransa hugawanyika. Siku hiyo mwaka 1962 ndipo silaha zilipotakiwa kuwekwa chini Algeria, koloni la Ufaransa lililokuwa likipigania uhuru, baada ya mkataba wa pande mbili uliotiwa saini mjini Evian, Ufaransa, siku iliyotangulia. Sheria ya mwaka 2012 imeifanya siku ya kitaifa ya kuwakumbuka waliokufa, na miji mingi ina mtaa wenye jina la tarehe hiyo. Lakini wapo mameya wanaong'oa vibao. Robert Ménard wa Béziers, mzaliwa wa Oran, Algeria, mwaka 2015 aliufuta mtaa wa Machi 19 akaupa jina la Hélie Denoix de Saint Marc, ofisa aliyeshiriki uasi wa majenerali dhidi ya Rais de Gaulle Aprili 1961.

Swali: aliyeshindwa vita vya kutetea koloni ana haki ya kuvikumbuka apendavyo, au akiri kwanza kwamba hakuwa na haki ya kuwa pale?

Mimi naona kosa la Wafaransa si kuomboleza. Waombolezaji ni wengi na kila mmoja ana msiba wake. Kosa ni kwamba wameugeuza kuwa ugomvi wa ndani ya nyumba, Mfaransa kwa Mfaransa, na Mwalgeria hayumo.

Nianze na wanajeshi, maana hoja yao ndiyo inayosikika sana: tulishinda porini na mjini, wanasiasa wakatuuza. Nusu yake ni kweli. Mwaka 1957 askari wa miavuli waliuvunja mtandao wa FLN, chama cha wapigania uhuru wa Algeria, jijini Algiers, na operesheni za Jenerali Challe za mwaka 1959 ziliwabana sana wapiganaji. Ila walifikaje huko? Kwa mateso, na kwa kuwahamishia watu wa vijijini kambini kwa wingi. Ukimtesa mtu ili upate jina la mwenzake, jina utalipata, lakini huyo na ukoo wake umeshawapoteza. Na habari ya kuuzwa na de Gaulle peke yake haisimami: kura ya maoni ya Januari 1961 robo tatu ya waliopiga kura zilizohesabiwa waliunga mkono Algeria ijiamulie, na Aprili 1962 zaidi kidogo ya tisa kati ya kumi waliukubali mkataba wa Evian. Wananchi walikuwa wamechoka kupeleka watoto wao.

Hapo walowezi watanikatiza: kura ile ya Aprili ilipigwa Ufaransa bara tu, sisi hatukuulizwa. Ni kweli. Walikuwa kama milioni moja, wengi si matajiri wa mashamba ya mizabibu bali makarani, mafundi na wenye maduka, na sehemu kubwa iliondoka mwaka uleule. Ni kweli pia kwamba Machi 19 haikuwaletea amani. Siku saba baadaye jeshi la Ufaransa liliwafyatulia risasi kwenye mtaa wa Isly, Algiers, na Julai 5 Wazungu waliuawa Oran. Wanachosahau kusema ni kwamba OAS, jeshi la siri lililojitangaza kuwatetea, nalo liliendelea kulipua na kuua baada ya tarehe hiyo, na Juni likaichoma maktaba ya chuo kikuu cha Algiers.

Wenye malalamiko mazito kuliko wote, kwa maoni yangu, ni harki: Waalgeria waliotumikia jeshi la Ufaransa. Walinyang'anywa silaha, Paris ikaagiza maofisa wasiwavushe bahari, na maelfu wakachinjwa. Waliofanikiwa kuvuka waliwekwa kambini, Rivesaltes na kwingineko. Rais Macron aliwaomba msamaha mwaka 2021. Miaka hamsini na tisa!

Sasa tazameni nani hayumo. Wanajeshi wa Ufaransa waliokufa ni kama 25,000. Waalgeria, kwa makadirio ya wanahistoria, ni mamia ya maelfu; Algeria yenyewe husema milioni moja na nusu. Amri za Machi 22, 1962 ziliwasamehe kwa jumla waliotenda maovu, hivyo Jenerali Aussaresses alipokiri hadharani kutesa na kuua, mahakama ilimtoza faini kwa kuyatetea aliyoyafanya, si kwa kuyafanya. Na hadi Oktoba 1999 sheria ya Ufaransa haikukubali kwamba vilikuwa vita.

Najua kuna atakayesema FLN nayo iliua wanakijiji Melouza mwaka 1957, na kwamba mshindi pia anaficha yake. Sawa, anaficha. Afunguliwe mjadala wake. Hautaipunguzia Paris chochote.

Kwangu Machi 19 ibaki, pamoja na kasoro zake, kwa kuwa angalau inamwambia Mfaransa siku aliyokubali kusimamisha vita. Wapinzani wake wanataka Desemba 5, iliyowekwa mwaka 2003 kuwa siku ya kuwakumbuka waliokufa. Siku hiyo hakuna kilichotokea vitani. Ni siku ambayo Rais Chirac alizindua mnara wa kumbukumbu Paris mwaka 2002. Anayeitetea aje atueleze inamkumbuka nani hasa.