Naomba ushauri: tasnifu ya jiolojia, nichukue mfinyanzi wa Kilwa au tabaka za Kaiso?

Mtoto_wa_Hoima
Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Niko mwaka wa mwisho wa jiolojia hapa Kampala. Msimamizi anataka nichague mada kabla mwezi haujaisha. Ya kwanza ni sampuli za mfinyanzi kutoka Kilwa, pwani ya Tanzania. Ziko kwenye kabati la idara, vibali vyake vyote vipo. Nizioshe, niokote foraminifera (vijiumbe vya baharini vya seli moja vyenye ganda), nipange tabaka kwa umri. Ya pili ni kurudi kwetu kupima tabaka za Kaiso, ufukweni mwa Ziwa Albert. Moyo unanivuta Kilwa, kwa sababu gesi iko upande ule na kazi naitaka huko. Ila wenzangu wananicheka: Mganda asiye na bahari, wadudu wa bahari atamsomea nani? Mwingine kaniambia nichukue chati ya umri ya Kilwa nikaitumie Kaiso, nipate yote mawili kwa mpigo. Yawezekana? Msinifiche.

Keekee_Butiaba
Hilo la mwisho futa. Ile chati imejengwa juu ya foraminifera wanaoelea baharini, na Ziwa Albert ni maji baridi ndani ya bonde la ufa. Hutawapata Kaiso hata uoshe gunia zima. Utapata ostrakodi (vijidudu vya majini jamii ya kamba, wenye magamba mawili), chavua, konokono, kome, meno ya samaki. Konokono wa Kaiso wameandikwa tangu enzi za Wayland, mkuu wa kwanza wa idara ya upimaji wa jiolojia hapa Uganda, miaka ya 1920. Umri wa tabaka zetu watu wameutafuta kwa mifupa ya wanyama na kwa majivu ya volkano, na baadhi ya majivu hayo yamelinganishwa na ya bonde la Turkana. Ostrakodi watakusimulia ziwa lilikuwaje, lenye kina au la, lenye chumvi au la. Ukiwauliza miaka, wengi watanyamaza.

Mimi ningechukua Kaiso, lakini mimi ni mtu wa ziwa, usinisikilize sana.

DadaMchanga (Lindi)
Mdogo wangu, wanaocheka hawajawahi kuiona sampuli ya Kilwa kwenye hadubini. Kwingi duniani ganda la foraminifera wa zamani hizo ni jeupe kama chokaa, limeshageuka ndani kwa ndani. La Kilwa linapitisha mwanga, unaona hadi vitundu vya ukutani. Sababu ni mfinyanzi wenyewe: hauruhusu maji kupenya, na tabaka hazikuzikwa chini sana. Ndiyo maana watafiti walikuja kuchoronga miaka ya 2000 na wakapata mfululizo wa kutoka Kretasia, zama za mwisho za dinosaria, hadi Oligosini, iliyokuja baadaye sana baada ya Eosini. Majina ya fomesheni (makundi ya tabaka yaliyopewa jina), ukianzia chini: Nangurukuru, Kivinje, Masoko, Pande. Yashike, utayasikia kila siku.

Kwenye Pande ndimo ulimo mpaka wa Eosini na Oligosini, miaka milioni 33.9 iliyopita, wakati barafu ilipoanza kutanda Antaktika. Mtafute Hantkenina, foraminifera mwenye miiba mirefu, huwezi kumkosa. Sampuli zenye Hantkenina ziko chini ya mpaka. Ukipanda juu akatoweka, umeuvuka.

Onyo moja. Utakuta tabaka nyembamba za chokaa zenye Nummulites, foraminifera wakubwa hadi unawaona kwa macho. Hao waliishi maji mafupi yenye mwanga, wakaporomoshwa na mikondo ya tope hadi kwenye kina. Usiandike kwamba bahari ilikuwa fupi pale. Kina kisome kwenye mfinyanzi ulio juu na chini yake.

Mzee_wa_Rigi
Kabla hujachagua, kijana: hizo sampuli ni mche wa mwamba (nguzo nzima iliyokatwa kisimani) au ni vipande vilivyopandishwa na tope la kuchorongea? Kama ni vipande, kuta za kisima hubomoka, visukuku vya juu vikaangukia chini. Hapo kuonekana kwa chini kabisa kwa spishi hakuna maana yoyote. Unatumia kuonekana kwake kwa juu kabisa basi. Nimeona ripoti nzima ikirudishwa kwa hilo.

Mtoto_wa_Hoima
Asante sana wazee wangu, na dada. Ni mche, mzee, kila kifuko kina kina chake kwa mita. Sasa kuosha: maabara yetu ina asidi ya haidrokloriki tu na chekecheke za mchanga.

DadaMchanga (Lindi)
Asidi isikaribie! Ganda ni kalisi kaboneti, litayeyuka lote ubaki na matope. Kausha kwanza kwa joto dogo, nyuzi 50 hivi, kisha loweka kwenye maji ya kawaida. Mfinyanzi mkavu hujiachia wenyewe, mgumu sana ndio unaongezewa haidrojeni peroksidi iliyozimuliwa. Chekecheke ni ya maikroni 63, maji yatoke taratibu. Na kabla ya kila sampuli mpya ichovye chekecheke kwenye rangi ya methilini buluu. Ukiokota ganda la buluu, ujue limebaki kutoka sampuli iliyotangulia, litupe.

Keekee_Butiaba
Haya, nimeshindwa, mwacheni aende Kilwa. Ssebo, chekecheke ya 63 ninayo hapa Entebbe, ya shaba, ina kovu kidogo pembeni lakini wavu mzima. Niandikie pembeni. Brashi nunua mwenyewe, ile nyembamba kabisa ya wachoraji, namba 000, na trei ipake rangi nyeusi.

Mzee_wa_Rigi
Na mwulize msimamizi wako nani atakagua majina ya spishi zako. Kama hapo Kampala hakuna, dada wa Lindi kwa picha za hadubini anaweza?

DadaMchanga (Lindi)
Naweza. Sura tatu kila ganda: mgongo, tumbo na ubavu. Picha ya upande mmoja sitaijibu.