Tabaka za kauri kwenye vipuri vya injini: tunalipia ahadi ambazo hakuna anayezipima

Wakuu, nimechoka kunyamaza. Injini yangu ilipofunguliwa kwa matengenezo makubwa, gereji ilinishawishi nilipie tabaka la kauri juu ya vichwa vya pistoni, kwa ahadi kwamba nguvu ingeongezeka na ulaji wa mafuta ungepungua, na gharama yake ilikaribia bei ya pistoni mpya. Sikuona nguvu wala nafuu ya mafuta. Gari lilipoanza kula oili na injini ikafunguliwa tena, kauri ilikuwa imebanduka ukingoni mwa pistoni mbili, na kuta za silinda zao zilikuwa na michirizi ya wima ambayo ukipitisha ukucha unaisikia.

Jibu nililopewa ni kwamba petroli ilikuwa mbaya. Silikubali hata kidogo! Ili kauri ishike kwenye aluminiamu, lazima uso uondolewe grisi yote, upigwe mchanga laini, upakwe kwa unene unaopimwa, kisha kipuri kiokwe kwenye tanuri kwa joto lililopangwa. Niliomba kumbukumbu za hatua hizo, sikuonyeshwa hata karatasi moja.

Sisemi kwamba teknolojia yenyewe ni uongo. Mwaka 2015 Toyota iliweka tabaka la kudhibiti upotevu wa joto juu ya pistoni za injini yake ya dizeli ya 1GD-FTV, lakini tabaka hilo lilibuniwa pamoja na injini nzima na kufanyiwa majaribio kabla ya kuuzwa. Pistoni nyingi za kisasa, tena, hutoka kiwandani sketi zake (sehemu ya chini ya ubavuni inayoteleza kwenye ukuta wa silinda) zikiwa tayari na tabaka jeusi la grafiti la kupunguza msuguano, kwa hiyo anayekuuzia jingine juu yake anakuuzia ulichokwisha kukinunua, huku akipunguza nafasi kati ya pistoni na silinda, ambayo tangu mwanzo ni sehemu ndogo tu ya milimita. Kupaka menifoldi ya ekzosi, yaani bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda, kwa nje naona kuna maana, kwa kuwa joto chini ya boneti hupungua kweli, na kauri ikibanduka huko haiingii kwenye silinda wala haigongi mapanga ya tabo (turbo, feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa kwenye injini).

Kwa gari la kwendea kazini, ambalo injini yake ni nadra kubanwa hadi mwisho, fedha hizo zingefaa zaidi kwenye oili nzuri na rejeta iliyo safi. Anayeendelea kuuza huduma hii atuonyeshe vipimo vya nguvu vya injini ileile kabla na baada ya kupakwa, pamoja na dhamana ya maandishi. Mimi nadai nirudishiwe fedha zangu na gharama ya kuchonga silinda upya.