Mjadala: Mashine ya santuri ikifika imevunjika, hasara ni ya nani?

MezaYaSanturi

Wakuu, naleta hoja. Mtu anauza mashine ya santuri iliyotumika, mtu kwa mtu, hakuna duka katikati. Inapakiwa, inatumwa, inafika mkono wa sindano umelegea, mfuniko una ufa, na sahani inayozungusha santuri imekwangua kila kilichokuwa chini yake. Msafirishaji anaangalia picha na kujibu maneno mawili: upakiaji hafifu. Muuzaji ana risiti ya kutuma mzigo, kwake biashara imekwisha. Aliyelipa anabaki na boksi la vyuma.

Msimamo wangu: hasara iwe ya muuzaji mpaka mzigo ufike mikononi mwa mnunuzi, hata kama muuzaji si duka. Kighairi kiwe kimoja tu, pale mnunuzi alipomtafuta msafirishaji yeye mwenyewe. Kwa maduka jambo hili si geni. Umoja wa Ulaya umeliweka kwenye kifungu cha 20 cha Maelekezo ya Haki za Walaji ya 2011, na Uingereza kwenye kifungu cha 29 cha Sheria ya Haki za Walaji ya 2015. Mtu binafsi ameachwa nje. Kwa nini aachwe, wakati mashine nyingi za zamani ziko majumbani kwa watu na siyo madukani?

SkrubuTatu

Nakuunga mkono, ila sheria nawaachia wengine. Sababu yangu iko ndani ya boksi.

Mashine ya santuri mara nyingi haivunjwi na kitu kilichoigonga kutoka nje. Inavunjwa na vipande vyake vyenyewe, vile vizito vilivyoachwa mahali pake. Chukua Technics SL-1200MK2: mashine nzima kilo 12.5, sahani pamoja na mkeka wake wa mpira kilo 2. Ukishaipakia inavyostahili una kifurushi cha kilo 15 hivi. Jaribio la ISTA 1A, linalotumika kupima upakiaji, huangusha mzigo wa uzito huo mara 10 kutoka sentimita 61: kona 1, kingo 3, nyuso 6. Sentimita 61 ni juu ya goti la mtu mzima kidogo tu. Wala si uhuni wa mpakuaji, ni safari ya kawaida.

Sasa piga hesabu. Kimo cha kuanguka, gawa kwa umbali ambao mzigo unautumia kusimama. Sponji ikibonyea sentimita 2.5, jibu ni kama 24, yaani kila kilichomo kinakuwa kizito mara 24 kwa wastani, na kilele hupita hapo. Sahani ya kilo 2 inaukandamiza mhimili, kile kijiti cha katikati inapozungukia, kama kilo 48. Ukiwa huna sponji, una kadibodi tu inayobonyea nusu sentimita, unafika mara 122. Sahani ileile sasa ni kilo 244. Ule uzito wa nyuma ya mkono, wenye gramu 100 tu, unauvuta mkia kama kilo 12.

Na mkono unashikiliwa na nini? Vijincha vya chuma na vigololi vidogo kuliko punje ya mtama. Vikigonga kuta za vikombe vyake vinaacha kishimo. Kishimo hicho hukioni, unakisikia: sindano inarukia njia nyingine, au inang'ang'ania palepale kila inapofika sehemu fulani ya santuri.

Aliyekuwa na uwezo wa kuutoa huo uzito kabla boksi halijafungwa ni mmoja tu.

MizaniSawa

Kaka SkrubuTatu, hesabu naikubali, hitimisho silikubali. Umechanganya mambo mawili. Kuna upakiaji mbovu, na kuna ajali ya njiani. Mzigo uliofungwa kwa ustadi wote unaweza kutobolewa na uma wa foklifti (gari la kunyanyulia mizigo), au gari likapinduka. Hapo muuzaji amekosa nini?

Wajerumani wametenganisha. Kifungu cha 447 cha sheria yao ya madai kinasema, kwa mauzo ya mtu kwa mtu, mzigo ukitumwa kwa ombi la mnunuzi, hatari inahamia kwa mnunuzi pale msafirishaji anapoupokea. Lakini muuzaji akipakia ovyo anabaki na deni, kwa kuwa kupakia ni wajibu wake. Kwangu mimi haki ndiyo hiyo: ajali ya mnunuzi, uzembe wa muuzaji.

Duka linalotuma mizigo mingi linaitawanya hasara ya mteja mmoja kwenye bei ya wote. Mtu anayeuza mashine moja maishani hana pa kuitawanya. Mkimfanya kampuni ya bima ataandika kwenye tangazo "njoo uchukue mwenyewe", na walio mbali watakosa kabisa.

BoksiNdaniYaBoksi

Mnagombana nyie kwa nyie huku mwenye pesa amekaa pembeni anawatazama. Msafirishaji kachukua nauli, kachukua na ada ya bima, halafu anasema "hafifu". Hafifu ukilinganisha na nini? Kipimo chenyewe hakitaji.

Sikatai kwamba kosa la mtumaji lipo. Hata Mkataba wa Umoja wa Posta Duniani unaiondolea posta dhima pale uharibifu unapotokana na kosa la mtumaji au asili ya kilichomo. Unasema pia kwamba faida iliyokosekana hailipwi, na kwamba malalamiko yanapokelewa ndani ya miezi 6, kuanzia kesho yake ya siku ya kutuma. Sawa. Ila anayesema mtumaji kakosea ndiye alete ushahidi. Aandike kanuni yake mapema: boksi mbili, nafasi ya sentimita 5 iliyojazwa pande zote 6, hakuna kinachocheza ukitikisa. Aliyetimiza alipwe, asizungushwe.

Na tuache kudanganyana na kibandiko cha "dhaifu, shika taratibu". Mkanda wa kuchambulia mizigo hausomi. Vile vinavyogeuka rangi vikipata mshtuko vina faida yake, lakini vinakwambia boksi limegongwa, havikwambii ni nani aliyeligonga wala kama ndani palifungwa vizuri.

SkrubuTatu

MizaniSawa, foklifti ipo, lakini hiyo inaacha tundu kwenye boksi. Kesi ninazozizungumzia boksi la nje halina hata mkunjo, na ndani mkono umekatika. Hiyo si ajali. Ni kazi ambayo haikufanywa, na kazi yenyewe ni ya nusu saa. Naiandika ili tujue tunabishania nini.

Anza na sindano. Weka kikinga chake, kisha fungua kichwa cha mkono pamoja na katriji yake, kile kidude kinachobeba sindano, kama ni cha kufunguka, ukiweke kwenye kijisanduku kigumu. Kijiti kinachoibeba sindano kimeshikiliwa na kipande cha mpira tu. Hata ncha ya plastiki ya mapovu ikikikwaruza kinapinda. Toa uzito wa nyuma, uzungushie kitambaa, usiuweke karibu na mfuniko. Rudisha mkono kwenye kishikizo chake, funga kifungo cha kishikizo, halafu ufunge kwa waya laini uliovikwa plastiki, ule wa kufungia mifuko ya mkate, mizunguko 2, bila kukaza. Usitumie mpira, unavuta. Usitumie selotepu, inang'oa rangi na kuacha gundi.

Toa mkanda kama mashine ni ya mkanda, yaani mota inaizungusha sahani kwa mkanda wa mpira. Toa mkeka, toa sahani. Kwa mashine ambazo mota inazungusha sahani moja kwa moja, kama hiyo SL-1200MK2, sumaku ya mota imefungwa chini ya sahani yenyewe, na koili zinabaki kwenye mwili wa mashine. Sumaku hiyo inakusanya kila chembe ya chuma, kwa hiyo sahani ivikwe mfuko safi kwanza, ndipo ipate plastiki ya mapovu tabaka 3. Sahani inalala chini kabisa ya boksi, chini ya mashine, na kati yao kipande cha kadibodi ngumu juu ya sponji. Haikai juu. Ikikaa juu, boksi likigeuzwa imegeuka nyundo.

Mfuniko utolewe kwenye bawaba zake. Ukiachwa umefungwa, kila mtikisiko unamalizikia kwenye bawaba mbili, na ufa unaanzia hapohapo. Uvike karatasi laini kwanza, kwa sababu mapovu yakibanwa juu ya plastiki inayong'aa huacha alama za duara. Ndani yake usiweke chochote. Watu hupenda kutumbukiza waya na uzito wa nyuma mle kwa kuwa kuna nafasi.

Baada ya hapo boksi la ndani, lijae, ulitikise usikie kimya. Kisha boksi la nje. Nafasi kati ya mawili ijazwe vipande vya sponji iliyo ngumu kiasi. Vile vipunje vyeupe vyepesi vinatambaa: mzigo mzito unazama taratibu mpaka unagusa sakafu ya boksi, na ule umbali wa kusimamia uliouhesabu haupo tena.

SpringiLaini

Ongeza mashine zilizoning'inizwa. Thorens TD 160 na Linn Sondek LP12, sahani na mkono vimekaa kwenye fremu moja inayobebwa na springi 3. Raha kuisikiliza, balaa kuisafirisha. Fremu isipozuiwa inaruka juu na chini safari nzima, springi zinachomoka, skrubu zinapekecha mbao. Zilizokuja na skrubu za usafiri, zikazwe. Zisizo nazo, ingiza vipande vya sponji ngumu kati ya fremu na mwili wa mashine, pande zote, mpaka ukisukuma kwa kidole isicheze. Uandike kwenye karatasi kwamba vipo na idadi yake, maana akiwasha mashine na kipande kimoja kimebaki ndani ataanza kulaumu mota.

Hizo mbili pia zina sahani ya vipande viwili, na cha ndani kinazunguka kwenye kisima cha mafuta. Kitoe, mafuta yanyonywe kwa sirinji, kisima kizibwe. Mafuta yakimwagika yanaenda kwenye mkanda na mbao, na beringi inayozungushia sahani inaanza kazi ikiwa kavu.

Jambo jingine dogo. Boksi la kiwandani lisilo na vipande vyake vya ndani ni mtego. Lina jina na picha nzuri, mtu anajaza nguo na magazeti, anaona amepakia kama kiwandani. Vile vipande vilichongwa kushika mashine pembeni na kuacha mkono ukielea. Gazeti linasukuma kila mahali sawasawa, pamoja na pale ambapo hapatakiwi kuguswa.

BintiSindano

Mbona hamna anayemgusa mnunuzi? Na yeye ana kazi yake, akiikosea anaharibu kesi ambayo angeshinda.

Piga picha boksi likiwa limefungwa, pande zote 6. Fungua upande wa juu, piga picha kila tabaka kabla hujalitoa. Usitupe hata kipande kimoja cha sponji, maana anayekuja kukagua atakagua upakiaji kwanza, mashine baadaye. Usiwashe umeme. Weka sahani, izungushe kwa kidole, sikiliza kama inakwaruza. Rudisha uzito wa nyuma, uusogeze mpaka mkono uelee wenyewe bila kupanda wala kushuka, halafu uguse kidogo: unatakiwa uende na kurudi bila kusita popote. Mwisho shika kichwa cha mkono kwa vidole viwili, utikise kwa upole sana kulia na kushoto. Ukisikia mchezo ambao si wa kawaida kwa aina hiyo, acha hapo, andika malalamiko siku hiyohiyo. Muda wa kulalamika kwa uharibifu uliojificha kwa kampuni za vifurushi huwa mfupi, na kila siku inayopita inampa mtu nafasi ya kusema uliiangusha mwenyewe.

Kuhusu hoja yenyewe niko na MezaYaSanturi, kwa sababu moja ambayo hamjaitaja. Kwa kampuni nyingi za vifurushi mkataba ni wa mtumaji. Aliyelipia bima ni yeye, fomu ya madai ni yake. Mnunuzi akipiga simu anaambiwa amwambie aliyetuma. Sasa mkishamwachia mnunuzi hasara, huyo mwenye fomu ana haraka gani ya kuijaza?

MizaniSawa

Hapo dada umenibana, nakubali. Ila dawa yake si kumtwika muuzaji hasara yote. Alazimishwe kudai, au amkabidhi mnunuzi haki ya kudai kwa maandishi, basi. Na gharama ya vifaa vya upakiaji ionekane wazi kwenye bei. Mnunuzi anayebembeleza nauli ipunguzwe, boksi la pili lisiwekwe, asije baadaye na kifungu cha 29.

BoksiNdaniYaBoksi

Huyo yupo, tena wengi. Anataka mashine ya kilo 12 ije kwa nauli ya santuri moja.

MezaYaSanturi

Basi naibadilisha hoja. Hasara iwe ya muuzaji, isipokuwa akionyesha picha 4 zilizopigwa kabla ya kufunga: mkono ukiwa umefungwa na uzito wa nyuma umetolewa, sahani ikiwa chini peke yake, mfuniko ukiwa umetengwa, na boksi la ndani likiwa ndani ya la nje na nafasi imejazwa. Akiwa nazo, hatari ya njia inakuwa ya mnunuzi, na muuzaji anadaiwa kitu kimoja tu, kujaza fomu ya fidia au kuikabidhi. Asipokuwa nazo, arudishe pesa.

MizaniSawa

Hiyo nakaribia kuisaini. Nani anaamua kama picha inatosha?

SkrubuTatu

Ongeza ya 5, kile kituo cha mhimili katikati ya mashine baada ya sahani kutoka, kikiwa kimefunikwa kwa kikombe kigumu cha plastiki kilichobandikwa chini. Ukiona mtu amekumbuka hicho, hayo mengine hata usimuulize.